Mkono uliokatazwa kazi: historia ya mazoezi, ngoma na wamama waliopona kansere ya titi

Ndugu wasomaji, wanafunzi na ninyi mliokwisha kumaliza univasite, leo tuzungumze historia ya amri moja. Amri yenyewe ni fupi: "Mama, huo mkono usiufanyishe kazi tena." Kwa miaka mingi sana wanawake waliopasuliwa kansere ya titi walirudi nyumbani na maneno hayo. Walikatazwa kubeba mtoto, kuinua mzigo, kufanya kitu chochote cha nguvu kwa upande uliopasuliwa, tena karibu maisha yote. Waliotoa amri hiyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa madaktari wenye elimu na nia njema. Ila hakuna aliyekuwa ameipima. Siku ilipopimwa, ilianguka. Na kati ya vitu vilivyoiangusha, kimoja ni ngoma.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Itebero? Kwa sababu hapa kwetu mkono wa mama ndio nyumba yenyewe. Unalima, unatwanga sombe, unabeba bidoni ya maji, unapandisha kitunga mgongoni. Kumwambia mama wa Itebero asitumie mkono wake ni sawa na kumwambia asiishi. Mwingine ataitii amri, na polepole atakuwa mtu wa kuomba kwa watoto na kwa jirani. Mwingine ataikataa, arudi shambani kidonda hakijakauka, abebe kitunga kizima siku ya kwanza, aumie. Historia inaonyesha kwamba kuna njia ya tatu, na njia hiyo haihitaji mashine.

Kisu cha Halsted

Tuanzie mbali. Mwaka 1882 daktari wa Marekani, William Halsted, alianza kufanya upasuaji mpya wa kansere ya titi. Baadaye akawa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, na mwaka 1894 akatoa taarifa ya wagonjwa 50. Aliamini kwamba kansere inatambaa hatua kwa hatua, kama moto katika nyasi kavu, kwa hiyo ukikata mbali utaizima. Alikata titi lote, akakata misuli ya kifua iliyo chini yake, akaondoa na tezi za kwapani. Njia yake ilitawala karibu miaka 80.

Wanawake wengi waliishi. Lakini waliishi na bega gumu lisilopanda, kifua kilichobonyea, na wengine mkono uliovimba. Uvimbe huo una jina: limfedema. Mwilini mwetu kuna maji yanayoitwa limfu, yanapita katika mishipa yake yenyewe na kuchujwa katika tezi. Tezi za kwapani zikiondolewa au zikichomwa na mionzi, maji yanakosa njia, yanalala mkononi. Ukishavimba hivyo, ni vigumu sana kupona kabisa.

Hapo ndipo amri ilipozaliwa. Madaktari waliwaza hivi: kazi inaleta damu na maji mengi mkononi, njia ya kuyatoa imeharibika, basi mkono ulale. Ukisikiliza haraka, hoja hiyo inaingia akilini. Kasoro yake ni kwamba limfu haina moyo wa kuisukuma kama damu. Inategemea sana misuli: msuli ukijikaza na kulegea, unaisukuma. Ukiulaza mkono, unalaza na pampu yake.

Mama mwenye mpira na kamba

Mtu wa kwanza kuitikisa amri hiyo kwa nguvu hakuwa daktari. Alikuwa mgonjwa. Mwaka 1952, mjini New York, Terese Lasser alipasuliwa kwa njia ile ya Halsted. Alipoamka, titi halipo, na hakuna aliyemweleza vizuri namna ya kuishi na mkono wake. Akajitafutia mazoezi mwenyewe. Kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo, kama mjusi anavyopanda. Kuvuta kamba iliyopitishwa juu ya mlango. Kucheza na mpira mdogo uliofungwa kwenye uzi.

Halafu akafanya jambo kubwa zaidi: akaanza kutembelea wanawake wengine waliopasuliwa, kitandani kwao, na mpira wake na kamba yake. Si madaktari wote waliofurahi. Yeye ni nani, aje kufundisha wagonjwa wetu? Lakini kazi yake, iliyoitwa Reach to Recovery, ilikua, na mwaka 1969 Shirika la Kansere la Marekani likaichukua kuwa yake. Leo inafanyika katika nchi nyingi. Wazo lake ni rahisi: aliyepita njia hiyo anamshika mkono anayeingia.

Miaka hiyo hiyo upasuaji wenyewe ulianza kuhojiwa. Mwaka 1971 Bernard Fisher wa Pittsburgh na wenzake walianza utafiti wa wanawake zaidi ya 1,600, wakilinganisha njia ya Halsted na njia zinazokata kidogo. Matokeo: kukata misuli ya kifua hakukuongeza siku za kuishi. Ndugu, fikirini hapo. Karibu karne nzima ya kukata zaidi, na faida yake haikuonekana. Visu vikapunguzwa. Lakini woga juu ya mkono ulibaki pale pale. "Usibebe, usivute, usiinue" iliendelea kuandikwa katika vikaratasi vya hospitali hadi miaka ya 1990.

Ngoma mbele ya mtumbwi

Karibu mwaka 1980, huko Philadelphia, mama mmoja alikuwa amepasuliwa titi. Bega lilikuwa gumu na moyo umeanguka. Binti yake, Sherry Lebed Davis, alikuwa mchezaji wa dansi. Kaka zake wawili walikuwa madaktari. Wakakaa pamoja wakatunga hatua za dansi zinazofungua bega taratibu, zikiongozwa na muziki. Hapo mazoezi ya Terese Lasser yalipata mdundo. Mtu anayechoka kupandisha vidole ukutani mara 10 akiwa peke yake, anaweza kuinua mkono mara 50 katika wimbo bila kuhesabu.

Lakini kishindo kilitoka Vancouver, Kanada, mwaka 1996. Don McKenzie, daktari wa michezo katika Chuo Kikuu cha British Columbia, aliamua kuipima amri ile waziwazi. Alitafuta mchezo wa mikono, mgumu, wa kurudia-rudia, yaani ule ule uliokatazwa. Akachagua mashindano ya mitumbwi mirefu ya Kichina, yenye kichwa cha joka. Katika mtumbwi huo wanakaa wapiga kafi 20, nahodha mmoja nyuma, na mtu mmoja mbele amewageukia: mpiga ngoma. Ngoma ndiyo inayounganisha makafi yote yaingie majini kwa pamoja.

McKenzie alipata wanawake 24 waliowahi kutibiwa kansere ya titi. Hakuwatupa majini siku ya kwanza. Walianza na mazoezi ya nchi kavu kwa miezi, mzigo ukiongezwa kidogo kidogo, halafu ndipo wakaingia mtumbwini. Mwisho wa msimu wakapimwa. Hakuna aliyepata limfedema mpya. Mwaka 1998 aliandika matokeo hayo katika jarida la madaktari wa Kanada. Kundi la kwanza lilikuwa dogo, na yeye alijua kwamba watu 24 hawatoshi kufunga mjadala. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Mitumbwi ya namna hiyo ikaenea duniani, na mwaka 2018 timu zaidi ya 100 za wanawake waliopona zilikutana Florence, Italia, kushindana mtoni.

Sisi watu wa Lowa na Oso hatuhitaji kuelezwa mtumbwi ni nini, wala kwamba kafi linakwenda vizuri kukiwa na wimbo.

Vipimo vinakuja

Baada ya mitumbwi, utafiti mkubwa zaidi ulifuata. Nitaje michache, maana mwanafunzi mzuri anauliza: mlijuaje?

Mwaka 2005 ilitoka taarifa ya wanawake wa jimbo la Connecticut, Marekani, waliofuata dansi ile ya Lebed kwa wiki 12. Hali yao ya maisha kwa jumla ilipanda kuliko ya wenzao waliokuwa bado wanangoja zamu.

Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao tayari ilikuwa imevimba. Nusu waliinua vyuma mara 2 kwa wiki, wakianza na uzito mdogo, wakisimamiwa, wamevaa mkono wa kitambaa cha kubana. Baada ya mwaka mmoja uvimbe haukuzidi kuliko kwa wasioinua. Tena waliokuwa wakiinua walipata vipindi vichache vya mkono kuwaka na kuuma, na nguvu zao ziliongezeka. Mwaka 2010 wakatoa utafiti wa pili, wanawake 154 ambao walikuwa bado hawajavimba. Kati ya wale waliotolewa tezi 5 au zaidi, mkono ulivimba kwa asilimia 7 ya walioinua vyuma, na kwa asilimia 22 ya wasioinua. Kwa maneno mengine, wanawake hao hawakuharibiwa na kazi iliyopangwa vizuri, yaonekana iliwalinda.

Na muziki? Mwaka 2015 watafiti wa Xi'an, China, walieleza habari za wanawake 170 waliotoka kupasuliwa. Kundi moja lilisikiliza muziki na kufanya zoezi la kukaza na kulegeza misuli sehemu kwa sehemu. Kundi lingine lilipata matunzo ya kawaida. Wenye muziki na zoezi walikuwa na huzuni na wasiwasi mdogo zaidi, na walitoka hospitali mapema.

Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali waliweka yote pamoja. Ushauri wao kwa waliotibiwa kansere: mwendo wa wastani wa dakika 30 mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki. Hiyo inapunguza uchovu, huzuni na wasiwasi, na haizidishi limfedema. Amri ya zamani ilikuwa imezikwa rasmi.

Wimbo unafanya nini mwilini?

Mwili unapenda kufuata mdundo. Piga ngoma, utaona mguu wa mtoto unajibu kabla hajaambiwa. Hatua zikishafuatana na mdundo, nguvu haipotei bure. Tena wimbo unashika akili: mtu anasikia uchovu kidogo zaidi, hasa kama zoezi ni jepesi au la wastani. Likiwa zito mno, mwili unapiga kelele kuliko ngoma, na muziki hausaidii sana. Kwa mama anayetoka kwenye matibabu hiyo ni bahati, kwa sababu zoezi jepesi ndilo analolihitaji.

Kuna na jambo la tatu, labda ndilo kubwa. Mtu haimbi kwa urahisi akiwa peke yake chumbani, huku watu wakinong'ona kwamba amerogwa. Wimbo unaita wengine. Mama aliyejificha anatoka.

Na hapa kwetu?

Tusidanganyane kwamba mababu walitibu kansere kwa ngoma. Hawakuitibu. Lakini kuunganisha mwili na wimbo hatukufundishwa na Vancouver.

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, hapa hapa Walikale, Candi Rureke alimtambia mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo. Ilichukua siku 12. Biebuyck pamoja na msomi wetu Kahombo Mateene walitoa kitabu chake mwaka 1969. Rureke hakukaa kitini kusoma. Aliimba, alicheza, aliigiza, kibuyu cha kayamba mkononi, na wenzake wakipiga vijiti. Na Mwindo mwenyewe ana jina la sifa, Kabutwakenda: mtoto aliyezaliwa akatembea. Nenda leo penye kinu: wamama wawili wanatwanga zamu kwa zamu, na wimbo ndio unaozuia michi isigongane. Nenda kanisani siku ya repetisio ya kwaya: hatua mbele, hatua nyuma, mikono juu. Mikono juu! Ndilo zoezi la Terese Lasser.

Jirani zetu wa Bukavu wamekwisha kuonyesha muziki unavyoingia hospitali. Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ilianza mwaka 2015 programu ya tiba ya muziki pamoja na shirika la Kanada, Make Music Matter. Wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono wanakaa na mwanasaikolojia na fundi wa muziki, wanatunga nyimbo zao, wanazirekodi, nyingine zinapita redioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Mulamba, Kivu ya Kusini, ulionyesha wasiwasi, huzuni na majeraha ya moyo yakipungua kwa wanawake waliopita humo. Huo si ugonjwa wa titi, na tusichanganye. Ila unajibu wale wanaosema tiba ya muziki ni anasa ya wazungu. Imefanyika Kivu, kwa wamama wa kijijini, katika vita.

Ngoma ya kulazimishwa

Kuna onyo moja ambalo historia yetu wenyewe inatupa. Waulizeni wazazi wenu habari za animasio ya miaka ya 1970, wakati wa Mobutu. Wanafunzi, wafanyakazi, wamama, wote walitakiwa kucheza na kuimba kwa kumsifu kiongozi. Ukitazama kwa nje, ilikuwa muziki na mazoezi pamoja: mdundo upo, jasho lipo. Lakini wengi walicheza kwa woga.

Mdundo ule ule unaweza kumfungua mtu au kumfunga, na tofauti ni nani amechagua. Wale 24 wa Vancouver walijitolea. Wanawake wa Panzi wanatunga maneno yao wenyewe. Basi kama kesho kikundi chetu kitataka kuanzisha mazoezi ya namna hii, kisimsukume mama aliyepona mbele ya watu, acheze ili tupige picha. Tumuulize yeye anataka wimbo gani, na kama anataka wimbo kabisa. Akisema hapana, ni hapana.

Tufanye nini?

Kwanza, mazoezi na muziki haviondoi kansere. Mwaka 2022 watu milioni 2.3 duniani waligunduliwa na kansere ya titi, na 670,000 walikufa. Kinachookoa ni kuonwa mapema na kutibiwa. Mama akihisi kigumba titini, ngozi ikivutika, chuchu ikitoa damu au ikiingia ndani, aende hospitali, hata kama hakuna maumivu. Tunajua barabara ya taifa nambari 3 ilivyo, tunajua na vita. Ndiyo maana familia na jirani wanapaswa kumsaidia safari, wasimwache azunguke kwa waombezi na waaguzi mpaka kigumba kipasuke.

Pili, baada ya matibabu, daktari aliyempasua aseme lini aanze. Kidonda kikauke. Halafu aanze kidogo: vidole ukutani, kufungua na kufunga ngumi, kutembea. Hapo wimbo wa polepole. Wiki kwa wiki aongeze. Jembe jepesi kabla ya kinu, kinu kabla ya kitunga. Mkono ukivimba, ukiwaka moto au ukiwa mwekundu, au homa ikiingia, asimame na arudi hospitali. Na akilima, alinde ngozi ya mkono huo isikatwe, kwa sababu kidonda kidogo kinaweza kuleta uvimbe mkubwa.

Tatu, ninyi mnaosoma ISTM, na hasa wa kineziterapia: hapa kuna mada ya utafiti inayowangoja. Mnao kinu, kitunga, kwaya na kamba ya kuvuta juu ya mlango. Andikeni mpango wa wiki 12 ambao mama wa Itebero anaweza kuufuata bila kununua kitu, mpeleke kwa madaktari, mpime. Mkipima, andikeni na yale yasiyofanikiwa.

Maana ukiitazama historia hii yote, amri ile haikudumu miaka mingi kwa sababu ilikuwa ya kweli. Ilidumu kwa sababu ilisemwa na wakubwa, na hakuna aliyeuliza "mumeipima?" Mgonjwa mmoja mwenye mpira na kamba aliuliza. Daktari mmoja mwenye mtumbwi na ngoma aliuliza. Sisi tuliosomeshwa kwa jasho la mikono ya wamama wetu, tuna deni la kuuliza vilevile, hasa pale mkono wenyewe unapougua.